Moto Uliomo Ndani ya Pareto

Pareto ni zao la baridi. Likipandwa mahali pa joto hustawi majani, maua yakawa haba. Ndiyo maana utalikuta milimani, na ndiyo maana wilaya ya Ileje, ilimo kata ya Ibaba, ni mojawapo ya wilaya za Nyanda za Juu Kusini zinazolilima. Ua lenyewe ni dogo: petali nyeupe zimezunguka kitovu cha manjano. Ukilisogeza karibu na jicho utaona kwamba kitovu hicho si kitu kimoja. Ni vijiua vingi vilivyobanana, vinavyofunguka safu kwa safu kuanzia ukingoni kuelekea katikati, na mchumaji anayeijua kazi hutazama safu hizo kabla ya kupeleka vidole. Akichuma zikiwa bado zimefumba, sumu ya kuulia wadudu haijakomaa. Akingoja mpaka ua linyauke, amechelewa. Tena sumu hiyo haimo sana katika petali zinazovutia macho. Imo kwenye vijimbegu vilivyojificha chini ya kitovu, na hata ua likikaushwa vizuri huwa ni kama asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito wote.

Wako watu wanaolichambua neno kama mchumaji huyo anavyolitazama ua, wakipita petali mpaka wafike kwenye kijimbegu. Kazi yao huitwa etimolojia, yaani kutafuta neno lilikotoka na njia lililopita. Haiwatajirishi, na jina la anayeifanya mara nyingi halijulikani nje ya maktaba. Mimi naihesabu miongoni mwa kazi za mikono zilizo bora kabisa, ingawa mikono hiyo hushika karatasi tu.

Tulichukue neno lililo shambani. Pareto tumelipokea kutoka Kiingereza pamoja na zao lenyewe, lililoingia Kenya mwishoni mwa miaka ya 1920 na kufika Tanganyika katika miaka ya 1930. Waingereza waliliita pyrethrum. Kiswahili kikalipunguza mpaka likakaa vizuri mdomoni: konsonanti zilizoshikana katikati zikapungua ikabaki t, m ya mwisho ikadondoka, mwishoni ikabaki irabu, tukapata silabi tatu zilizonyooka. Kamusi ikifika hapo huweka kifupisho cha Kiingereza na kuendelea na neno linalofuata. Kwa mtu anayetaka kujua maana na ngeli, hiyo inatosha. Mtu wa etimolojia ndiyo kwanza anavua koti.

Kwa upande wa Kiingereza, fundi aliyeipa kazi hii nidhamu yake kubwa alikuwa James Murray, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1837. Aliacha shule akiwa na miaka 14, akajifundisha lugha moja baada ya nyingine, na mwaka 1879 akakabidhiwa uhariri wa kamusi ambayo leo dunia inaijua kwa jina la Oxford. Alijenga kibanda cha mabati uani kwake na kukijaza mashubaka ya kuhifadhia vikaratasi. Vikaratasi hivyo vilitumwa na wasomaji wa kujitolea kutoka pande nyingi za dunia, na kila kimoja kilibeba mambo machache yaleyale: neno, sentensi nzima ambamo neno limetumika, jina la kitabu na mwaka wake. Vilifika kwa mamilioni. Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka mwaka 1884. Murray alifariki mwaka 1915 akiwa bado kazini, na sehemu ya mwisho ikatoka mwaka 1928. Maneno ya herufi P yalisimamiwa naye mwenyewe, kwa hiyo jina la ua letu lilipita mezani pake.

Kinachonivutia katika kazi ile si ukubwa wake. Ni sharti lake kwamba neno halipiti bila shahidi. Ukisema neno fulani limetoka Ufaransa, lazima uonyeshe limeonekana Ufaransa likiwa na sura gani, katika maandishi ya mwaka gani, na sauti zake ziligeukaje hadi kufikia hii ya leo. Kufanana hakuhesabiwi. Wapo wanaosoma uchumi vyuoni ambao hukutana na jina la Vilfredo Pareto, Mtaliano aliyefariki mwaka 1923, wakadhani zao hili limeitwa kwa heshima yake. Herufi ni zilezile, moja baada ya nyingine, na undugu hakuna. Jina la Mtaliano lilikuja na njia yake, jina la ua likaja na yake, yakakutana katika tahajia ya Kiswahili.

Pyrethrum nalo lina mkasa wa namna hiyo ndani ya Kiingereza. Kwa karne nyingi Waingereza walikuwa na neno pellitory, jina la mzizi mkali uliotafunwa kutuliza maumivu ya jino. Masikioni, pellitory na pyrethrum hayakaribiani. Fundi akifuata vikaratasi anagundua kwamba ni neno moja lililoingia nyumba ileile kwa milango miwili. Pyrethrum lilichukuliwa vitabuni, moja kwa moja kutoka Kilatini, likabaki na sura yake. Lile jingine lilipita kwanza midomoni mwa Wafaransa wa zamani. Walikuwa na piretre, na kwa kuwa ulimi huchoka kutamka r mbili zilizokaribiana, r ya kwanza ikageuka l, wakapata peletre. Lilipovuka bahari likakuta Uingereza kuna jani jingine linaloota kwenye kuta, lenye jina lililotokana na neno la Kilatini la ukuta. Majina hayo mawili yakavutana mpaka yakawa sawa. Hivyo Kiingereza kina pellitory mbili zenye sura moja na mama mbalimbali, na hapohapo kina pellitory na pyrethrum, zenye sura mbalimbali na mama mmoja. Kuyatenganisha hayo kwa ushahidi, bila kubahatisha hata hatua moja, si kazi ya jioni moja.

Sisi pia tunayo mapacha ya namna hiyo. Bara tunasema shule, neno tulilolichukua kwa Wajerumani. Zanzibar wanasema skuli, walilolichukua kwa Waingereza. Yote mawili yanarudi kwenye schola ya Kilatini, na nyuma yake kwenye neno la Kigiriki lililokuwa na maana ya wasaa, muda ambao mtu hana kazi ya kumbana.

Turudi kwenye mzizi. Kilatini kilichukua pyrethrum kutoka Kigiriki, pyrethron, na shahidi mzuri hapo ni Dioscorides, tabibu wa Kigiriki wa karne ya kwanza baada ya Kristo aliyeandika juu ya mitishamba ya zama zake. Anaeleza mzizi unaochoma ulimi, unaotoa mate, unaosaidia jino linalouma, na ambao ukichanganywa na mafuta na kupakwa mwilini huleta jasho kwa mtu anayetetemeka kwa baridi ya homa. Jina limejengwa juu ya pyr, neno la Kigiriki la moto. Homa kwa Kigiriki ni pyretos, nayo imetoka kwenye moto huohuo.

Hapa ndipo subira inapolipa. Mtu mwenye haraka, akishaambiwa kwamba ndani ya pareto kuna moto, ana maelezo tayari: si tunaichoma? Si ndiyo iliyotiwa katika ile dawa ya mbu ya mviringo inayowashwa ikafuka moshi usiku kucha? Maelezo hayo ni matamu na hayana ukweli hata kidogo. Dawa ya kuwasha ya pareto ilibuniwa Japani mwishoni mwa karne ya 19, na jina lilikuwa limeshaishi zaidi ya miaka 1800. Tena mmea wa Dioscorides haukuwa huu wetu. Ulikuwa jamaa yake, mmea wa Afrika Kaskazini unaothaminiwa kwa mzizi. Baadaye wanabotania wa Ulaya walilitandaza jina hilo juu ya mimea mingine ya jamii hiyo, ikiwemo ile yenye maua meupe iliyoota pwani ya Dalmatia, katika nchi ambayo sasa ni Kroatia. Ndiyo iliyosambazwa duniani, na ndiyo iliyopanda milima ya Ileje. Moto uliomo katika jina ulikuwa ni ukali wa mzizi ambao mkulima wa pareto hajapata kuuonja.

Wengi wangeridhika kufika Ugiriki. Lakini kuna swali moja zaidi: je, pyr lina ndugu? Mwaka 1822 Jacob Grimm, Mjerumani yuleyule aliyekusanya ngano na nduguye, alichapisha kanuni ambayo mwanazuoni wa Denmark, Rasmus Rask, alikuwa ameanza kuiona kabla yake. Mahali ambapo Kigiriki na Kilatini vina p mwanzoni mwa neno, Kiingereza na jamaa zake vina f. Baba kwa Kigiriki ni pater, kwa Kiingereza father. Mguu ni pous kule na foot huku. Sasa liweke pyr katika mstari huo, utalikuta fire likikungoja. Neno la kawaida la Mwingereza la moto wa jikoni na neno la kitabuni la ua letu vimetoka tumbo moja. Alisafiri hadi Ugiriki kuazima, akarudi na binamu wa mtu aliyekuwa ameketi mekoni kwake siku zote.

Naomba msomaji anivumilie kidogo hapa, kwa sababu hadithi ya moto ina sehemu ambayo sijaona inayoizidi katika taaluma hii nzima. Mwaka 1879 kijana wa miaka 21, Ferdinand de Saussure kutoka Uswisi, alitoa kitabu kuhusu irabu za lugha mama ya Kigiriki, Kilatini, Kisanskriti na jamaa zao. Kwa kupanga irabu hizo na kutazama zilivyopishana, alihitimisha kwamba lugha hiyo ilikuwa na sauti fulani ambazo hazikubaki katika lugha yoyote iliyojulikana wakati huo. Hakuwa na shahidi hata mmoja. Alikuwa na mpangilio tu. Wengi hawakumkubali. Alifariki mwaka 1913. Miaka miwili baadaye Bedřich Hrozný, mwanazuoni wa Kicheki, akatangaza kwamba amefaulu kusoma mabamba ya udongo ya Wahiti yaliyofukuliwa Uturuki, na kwamba lugha yake ni ya ukoo huohuo. Mwaka 1927 Jerzy Kuryłowicz wa Poland akaonyesha kwamba sauti ya h iliyoandikwa katika mabamba yale hujitokeza palepale ambapo Saussure alisema kulikuwa na sauti iliyopotea. Neno la Kihiti la moto ni pahhur. Mabamba yalikuwa yamelala ardhini zaidi ya miaka 3000.

Wakati wazee wale wanabishana Ulaya, kazi hiyohiyo ilikuwa inafanyika karibu sana na Ibaba. Wamoraviani kutoka Ujerumani walifungua misheni Rungwe mwaka 1891, wakaanza kuandika lugha ambayo wao waliiita Kikonde, nasi tunaijua kama Kinyakyusa. Mwaka 1899 Carl Meinhof alichapisha kitabu cha sauti za lugha za Kibantu, akilinganisha lugha chache alizozichagua kwa makini. Kiswahili kilikuwemo. Kikonde kilikuwemo, na Kisangu cha Usangu pia. Kwa maneno mengine, ujenzi wa kwanza wa kisayansi wa lugha mama ya Kibantu ulitumia matofali yaliyochimbwa Nyanda za Juu Kusini, na jambo hilo halitajwi inavyostahili katika madarasa yetu.

Mbinu ni ileile ya Grimm, na kila anayeishi Songwe au Mbeya anaweza kuijaribu kwa maneno ya nyumbani. Mswahili anasema mtu, Mnyakyusa anasema umundu. Kitu ni ikindu. Kuku ni inguku. Tazama kinachotokea katikati ya maneno hayo. Lugha mama ilikuwa na n mbele ya t na mbele ya k. Kiswahili kimeila ile n na kuacha t au k peke yake. Kinyakyusa kimeitunza n na kulainisha kinachoifuata, t ikawa d na k ikawa g. Kinyiha, jirani wa upande wa pili, kimetunza vyote viwili: umuntu. Halafu angalia ile irabu ya mwanzo, u au i, ambayo Kiswahili kimeiacha na lugha za milimani zimeishika. Katika lia, lugha yetu ya pwani imepoteza hata konsonanti ya pili ambayo Mnyakyusa anaisema waziwazi: ukulila. Bibi wa Ileje ambaye hajawahi kushika kamusi amebeba kinywani sauti ambazo Kiswahili, pamoja na vitabu vyake vyote, kimezisahau. Wanazuoni huweka nyota ndogo mbele ya neno waliloliunda upya, kama *-ntu, kuashiria kwamba hakuna aliye hai aliyewahi kulisikia. Naipenda nyota hiyo. Inamwambia msomaji mahali ushahidi unapoishia na hesabu inapoanzia.

Uaminifu wa namna hiyo ni mgumu kuliko unavyodhaniwa. Mgeni akisoma kibao cha Ibaba, jambo la kwanza litakalomjia ni baba, na kufikia jioni atakuwa na hadithi kamili ya mzee fulani aliyekuwa baba wa watu wote wa mlima ule. Fundi hufunga mdomo. Huuliza wazee wanalitamkaje, wanapandisha sauti wapi na kushusha wapi, ile i ya mwanzo ni kiambishi cha nini katika lugha ya pale, vijiji vingine vyenye majina ya umbo hilo vikoje, na ramani za zamani zililiandika vipi. Asipopata vya kutosha, huacha nafasi wazi. Nimesoma kurasa nyingi za majina ya mahali nchini mwetu, na naweza kusema kwamba nafasi iliyoachwa wazi kwa uaminifu ni adimu mno.

Neno letu halikuishia shambani. Wakemia Hermann Staudinger na Leopold Ruzicka walipochambua sumu ya pareto na kuchapisha matokeo yao mwaka 1924, viini vyake vilijulikana kwa jina la pyrethrin. Sumu hiyo ina kasoro moja kubwa: jua huiharibu upesi. Wanasayansi wakatafuta mfano wake wa kutengenezwa maabara ambao ungestahimili mwanga, na mwaka 1973 Michael Elliott na wenzake katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, wakapata permethrin. Tazama jina lilivyokatwa. Kichwa chenye moto, pyr, kimeondolewa. Kimebaki kipande cha mwisho, -thrin, ambacho peke yake hakina maana kwa Kigiriki wala kwa lugha nyingine yoyote. Sasa kipande hicho kinaunda majina mapya ya dawa, deltamethrin na mengine mengi, kana kwamba kilizaliwa kiwe kiambishi. Maneno huishi hivyo. Hukatwa mguu, na mguu ule ukaanza kutembea.

Permethrin hiyo ndiyo iliyotiwa ndani ya nyuzi za vyandarua vya kudumu ambavyo kiwanda cha A to Z cha Arusha kilianza kuvitengeneza mwaka 2003. Mtoto aliyelala ndani ya chandarua cha aina hiyo amekingwa na kitu ambacho jina lake, ukilifuata hatua kwa hatua na shahidi kwa shahidi, linakufikisha kwa tabibu wa karne ya kwanza aliyeandika juu ya mafuta ya kuwapaka wagonjwa wanaotetemeka kwa homa. Hakuna aliyeipanga safari hiyo, na tusingeijua kama pasingekuwa na watu waliokubali kukaa miaka na miaka wakiandika tarehe kwenye vikaratasi.

Kiswahili bado kinawahitaji watu wa namna hiyo, na lugha za Ileje zinawahitaji zaidi. Padri Charles Sacleux alituachia kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa, iliyochapishwa Paris kati ya mwaka 1939 na 1941, ambayo bado inafunguliwa kila lahaja zinapotafutwa. Knut Felberg alitoa kamusi ya Kinyakyusa, Kiingereza na Kiswahili mwaka 1996. Mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa atlasi ya lugha zetu mwaka 2009. Hayo ni mawe ya msingi, lakini majina ya majani, ya wadudu, ya aina za mvua na ya sehemu za jembe katika Kindali, Kimalila, Kilambya na Kinyiha, mengi yamo katika vichwa vya wazee tu. Basi wewe kijana wa Ibaba mwenye simu na daftari, ukienda kumsalimia bibi, muulize jina la jani lililo mlangoni pake. Liandike, uandike sentensi nzima aliyolitumia, jina la kijiji, na tarehe ya siku hiyo. Usiongeze maelezo yako.